Kila Saa Nne

Mume wangu Mulinge hajawahi kunywa pombe. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nunguni wapo watu ambao ukiwaambia hivyo wanatabasamu upande mmoja wa mdomo, na mimi tabasamu la upande mmoja linanipandisha mori. Alizaliwa upande wa Mutomo, Kitui, kwenye jua la kukausha mate, akaokoka akiwa na miaka kumi na tisa kabla hajapata hata nafasi ya kuonja. Kilichomleta huku milimani ni miche. Alikuwa amepata mafunzo ya kupandikiza matunda kule Kiboko, kwenye kituo cha utafiti, na mwenzake mmoja akamwambia kwamba Nunguni udongo upo, mvua ipo, kinachokosekana ni fundi wa parachichi. Akaja na kisu kimoja, sweta moja na sauti yake.

Hiyo sauti ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa kwenye kwaya, nimezoea sauti nzuri, lakini sikuwahi kusikia mtu akisoma matangazo ya kanisa namna ile. Hata tangazo la mbuzi aliyepotea lilikufanya utamani kutoka nje ukamtafute. Siku ya mavuno yeye ndiye aliyenadi majogoo na mikungu ya ndizi, na watu walipandisha bei ili tu aendelee kuongea. Tukaoana, tukampata Ndunge, nami Wayua nikawa Mama Ndunge, na baada ya miaka michache Mulinge akafanywa mzee wa kanisa. Mtu wa Kitui, aliyekuja na sweta moja, akawa mzee wa kanisa kwetu. Aliithamini nafasi hiyo kuliko shamba. Jumamosi jioni alikuwa anapiga pasi koti lake mwenyewe, hataki niliguse.

Miaka mitatu iliyopita alijikata kidole gumba. Kupandikiza parachichi ni kazi ya macho. Unachukua kijiti kutoka kwa mti mzuri, unakichonga pande mbili kama penseli, unakipenyeza kwenye mche wa kienyeji uliopasuliwa, kisha unafunga na nailoni hewa isiingie. Mulinge angeweza kufunga mia mbili kwa siku huku akipiga hadithi. Siku hiyo akaja nyumbani damu ikichuruzika, akaniambia, "Mama Ndunge, leo miche ilikuwa miwili miwili. Nikakata ule ambao haupo."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka.

Baada ya hapo mambo yakaanza kutuchanganya. Kope la kushoto likawa linashuka jioni, kisha la kulia likafuata. Akianza sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, anatafuna vizuri, akifika katikati taya linagoma, anaweka mkono chini ya kidevu na kulisukuma kama mtu anayefunga droo. Chai ikawa inamtoka puani. Na sauti, ile sauti, ikaanza kulegea. Tangazo la kwanza lilitoka safi. La tatu likawa linapitia puani. La tano, maneno yanaburutana. Akishuka jukwaani anakaa, anafunga macho kidogo, na baada ya robo saa anaongea vizuri kama kwamba hakuna kilichotokea. Ni ugonjwa gani huo unaoondoka ukikaa kitini?

Mzee Musyimi, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa letu, alikuwa na jibu. Musyimi si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akishaona kitu, amekiona. Aliona macho mazito, ulimi mzito, na mguu unaokosea ngazi ya kanisa, akanivuta kando baada ya ibada.

"Mama Ndunge, mzee ako sawa?"

"Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa mchana tu? Asubuhi namwonanga kwa nasari ya miche akiwa fiti kabisa."

Nilimwambia aende akaulize kuku wake maswali hayo. Niliomba msamaha baadaye, ila si kwa moyo.

Tulizunguka. Kwenye zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakapima presha, ikawa nzuri kuliko yangu, wakampa vitamini. Mtu wa macho akamuuzia miwani, na sasa Mulinge akawa anaona miche miwili kupitia miwani. Mama mmoja wa maombi kutoka Mbooni alikuja akakemea pepo la usingizi kwa saa nzima, mpaka Mulinge akasinzia kweli. Huku nyuma asubuhi nayo ikaanza kuharibika. Zamani alikuwa anaamka mzima. Sasa aliamka kope ziko nusu, na kufikia saa sita alikuwa amekwisha.

Hatimaye tukatumwa kwenye hospitali kubwa mjini. Tulimkuta daktari msichana mdogo, nikadhani ni wa kutupeleka kwa daktari. Alimwambia Mulinge aangalie juu bila kushusha macho. Kope zikateremka polepole zenyewe. Kisha akaagiza barafu, akaitia kwenye glavu, akamwekea juu ya jicho la kushoto kwa dakika mbili. Alipoitoa, jicho lilikuwa wazi. Wazi kabisa! Jingine limelala, hili linamtazama daktari. Mimi nilisimama kutoka kitini. Tulikuwa tumetumia miwani, maombi na vitamini, kumbe barafu tu?

"Hapana mama, barafu si dawa," daktari akasema. "Inanionyesha tu shida iko wapi. Mshipa wa fahamu unaita msuli. Msuli una masikio, na mwili wa mzee mwenyewe umeyaziba mengi. Kwa hivyo wito unafika, lakini unapotea kabla haujasikika vizuri. Kuna dawa inafanya huo wito ukae kidogo zaidi."

"Itamponya?"

"Itamsaidia. Masikio tutayashughulikia pole pole na dawa zingine."

Akaeleza kwamba ndugu za dawa hiyo hutumiwa kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa akishapasuliwa, kumrudishia misuli nguvu apumue mwenyewe. Na mara nyingine, akasema, humsaidia mtu aliyeumwa na nyoka wa aina fulani, wale ambao sumu yao inalegeza mwili.

Mulinge akainua kidole. "Mjomba wangu aliumwa na swila kule Mutomo. Macho yake yalianguka hivi hivi. Kwani mimi nimeumwa?"

"Hujaumwa, mzee. Lakini sumu ile na ugonjwa huu zinaharibu mahali pamoja."

Mulinge aliitikia, lakini nilimwona akiinua suruali kidogo kuangalia kifundo cha mguu.

Jina la dawa lilikuwa refu, pairidostigmini. Daktari aliendelea kumweleza Mulinge namna ya kuitumia, nusu Kiingereza, huku mimi nimetumwa mbele kupanga foleni ya dawa. Mulinge hakushika kitu. Alikuwa bado anawaza nyoka. Dirishani kijana alinipa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki, akaandika kwa kalamu: Kidonge 1 kila saa nne.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na Kiswahili nilipata B. Kwa sababu Mulinge anaona maandishi mawili mawili, msomaji wa nyumba ni mimi. Nikasoma. Kila saa nne. Siku ina saa nne ngapi? Mbili. Saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ni Kiswahili rahisi. Nikatega simu ilie saa hizo, nikamwambia Mulinge, "Dawa hii haitaki mchezo. Ni saa nne, kila saa nne."

Kidonge cha kwanza kilituacha midomo wazi. Saa nne akameza, tumbo likanguruma, mate yakajaa mdomoni akawa anatema tema, lakini ilipofika saa nne na nusu kope zilipanda. Alikula muthokoi sahani nzima bila kushika kidevu. Akaenda nasari, akafunga miche arobaini, akiimba. Nililia jikoni kwa furaha. Saa nane nikamsikia amenyamaza. Nilipoenda kumwangalia alikuwa amekaa juu ya debe, kichwa kimeanguka mbele, kisu kiko chini. Ikawa hivyo kila siku. Saa nne anafufuka, saa nane anazimika. Kidonge cha usiku alikimeza akalala nacho, na asubuhi akaamka vile vile.

Tulishindwa kuelewa. Kama dawa inafanya kazi, mbona inaacha? Kama haifanyi, mbona inafanya? Mulinge alidhani ni chakula. Nikadhani ni baridi ya Nunguni. Tukajaribu uji kwanza, tukajaribu bila uji. Alasiri moja, kama saa tisa hivi, akaja jikoni akiburuta miguu, maneno hayatamkiki.

"Mama Ndunge. Nipe kimoja tu."

"Saa nne haijafika."

"Kimoja. Nashindwa kumeza mate."

"Daktari ameandika saa nne! Unataka dawa ikudhuru?"

Nikaficha bahasha ndani ya mkebe wa unga. Alikaa kwenye kigoda akitazama mkebe, kwa jicho lile moja lililokuwa limebaki nusu wazi. Nilimfanyia hivyo kwa wiki saba. Wiki saba nzima mume wangu aliniomba pumzi, nami nikamnyima kwa B yangu ya Kiswahili.

Jumapili ndiyo ilimmaliza. Ibada yetu huanza saa tatu, na matangazo ni kama saa tano. Saa nne kamili Mulinge alitoka nje, macho yamefumba nusu, akajishika ukutani, akaenda nyuma ya vyoo. Hakutaka watu wamwone akimeza vidonge, maana wangeanza kuuliza ni vya nini. Alikuwa na chupa ndogo ya maji mfukoni mwa koti. Dakika thelathini baadaye akarudi amechangamka, macho yanang'aa, anatema mate kwenye kitambaa, akapanda jukwaani na kusoma matangazo kwa sauti ya zamani. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Musyimi akamfuata mpaka pembeni mwa choo na kuiona chupa.

Mnajua huku kwetu mlevi akiamka anatetemeka, mpaka apige moja ya asubuhi ndipo achangamke. Wanaita kutoa loki. Mtu akikueleza kwamba kuna mzee anatoka kanisani saa nne akiwa amelegea, anakunywa kitu nyuma ya choo, kisha anarudi akiwa na sauti ya malaika, wewe utafikiri nini? Hata mimi ningefikiri.

Baraza likakaa. Mulinge aliitwa saa tisa mchana, saa mbaya kuliko zote. Alijaribu kueleza ugonjwa, ulimi ukakataa. Akajaribu kuwatazama machoni, kope zikashuka. Pasta Kiilu, ambaye anampenda, aliniambia baadaye kwamba kila neno alilotamka lilimzamisha zaidi. Wakamweka chini ya nidhamu: asishike maikrofoni, asikae kiti cha wazee, asishiriki meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya kanisa.

Jumapili iliyofuata alikaa nyuma kabisa, karibu na akina mama wenye watoto wachanga. Trei ya meza ya Bwana ilipofika mstari wetu ikapitishwa mbele ya pua yake. Alitazama viatu vyake. Koti lilikuwa limepigwa pasi.

Tuliporudi kwa daktari, wiki ya saba, nilikuwa nimejaa malalamiko. Nilimwambia dawa yao ni ya masaa, haina uaminifu. Daktari akauliza anaimeza saa ngapi.

"Kama mlivyoandika. Kila saa nne."

"Saa nne gani?"

"Asubuhi na usiku. Kwani kuna saa nne nyingine?"

Daktari alinitazama. Kisha akachukua bahasha, akaisoma, akaiweka chini polepole.

"Mama, ni kila *baada ya* saa nne. Dawa hii inakaa mwilini masaa matatu, manne hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Anafaa kumeza mara nne."

Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Neno moja tu, baada. Nikaanza kuhesabu alasiri zote zile, mkebe wa unga, kigoda, "nipe kimoja tu." Nikaona aibu ambayo sijui kuielezea. Mulinge alikuwa amekaa pale, ni saa tisa, hawezi kusema kitu, lakini aliweka mkono wake juu ya goti langu na kuupiga piga. Daktari akaniambia nisijilaumu sana, kwamba ningempa nyingi kupita kiasi pia misuli ingelegea, kwa hivyo kuchunga masaa si vibaya. Nilijua ananifariji.

Mambo yakabadilika. Sisemi alipona. Kuna siku kope linashuka, na magunia habebi tena. Lakini alikula chakula cha jioni, akafunga miche alasiri, akaongea. Daktari alimwandikia barua, naye akaipeleka kwa baraza. Musyimi aliisoma kwa sauti, Kiingereza chote, na alipofika kwenye jina la ugonjwa, mayasthenia gravisi, akasimama.

"Gravisi. Kwa Kiingereza 'grave' si ni kaburi?"

"Nimekufa mara ngapi, mzee?" Mulinge akamuuliza. Ilikuwa saa tisa, saa ile ile, na kila neno lilitoka kavu na safi. Pasta Kiilu aliniambia wazee waliangaliana.

Walikubali ni mgonjwa. Hapo hakukuwa na ubishi tena. Ubishi ulikuwa kwenye karatasi. Katiba ya kanisa inasema aliyewekwa chini ya nidhamu hutolewa kwa toba, mbele ya washirika. Haisemi kitu juu ya aliyewekwa kwa makosa. Musyimi alikuja nyumbani mwenyewe, akanywa chai, akamwambia Mulinge, "Mzee, tusaidie tu. Simama, sema 'nimetubu,' dakika moja, tumalize. Hata usitaje ni nini."

"Nikitubu nitakuwa nimekunywa," Mulinge akasema.

"Ni form tu, asee."

"Basi nitakaa nyuma."

Na angekaa. Namjua. Angepiga pasi koti lake kila Jumamosi mpaka afe, akae na watoto wachanga, kuliko kusema lile neno. Musyimi alichanganyikiwa kweli, maskini, akawa anakoroga chai isiyo na sukari. Ndipo nikamuuliza, katiba inasema ni nani atubu? Akafikiri. Akasema inasema tu toba ifanyike.

Jumapili hiyo nikaenda mbele mimi. Nilieleza yote. Nilieleza bahasha, B ya Kiswahili, neno baada. Watu walicheka, na nilitaka wacheke. Nilipofika kwenye mkebe wa unga wakanyamaza. Nilisema, mwenye kosa katika jambo hili ni msomaji, natubu, na kama baraza nalo lina kitu cha kutubu, nafasi ipo hapa kando yangu. Musyimi aliinama akatafuta kitu kwenye Biblia yake. Baada ya muda mrefu sana alipanda akasimama kando yangu, hakusema kitu, na hiyo kwake ni hotuba. Pasta akamwita Mulinge, akampa maikrofoni. Alisoma matangazo tisa. La mwisho lilikuwa wazi kama la kwanza.

Tulirudi nyumbani tukishuka ile njia ya mteremko. Kulikuwa na jambo ambalo sikulisema pale mbele.

"Baba Ndunge, kuna lingine."

"Sema."

Nikamwambia. Kwamba wakati nikimtukana Musyimi kanisani, nyumbani nilikuwa nanusa koti lake yeye Mulinge. Nilinusa kikombe chake. Nilipekua nasari yote, nikaingiza mkono kwenye mifuko ya udongo nikitafuta chupa, siku mbili tatu, yeye akiwa amelala. Sikupata kitu, na bado sikuamini mpaka barafu ile. Nilisema haraka, macho chini, nikitazama mawe ya njia.

Alisimama. Nikafikiri amekasirika, na alikuwa na haki.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Nilikuwa najinusa." Akaweka kiganja mbele ya mdomo, akapumua ndani yake, akanusa, kunionyesha. "Hivi. Kila jioni. Watu walikuwa wengi wanaosema. Nikasema, pengine kuna mahali naenda, nakunywa, kisha nasahau. Siku moja nilisikia kama pombe inanuka kweli. Niliomba msamaha kwa Mungu, Wayua. Nilitubu kabisa, kwa magoti, peke yangu pale kwa miche."

Nilimshika mkono, kitu ambacho watu wa rika letu hawafanyi barabarani, na tukashuka hivyo mpaka nyumbani, watu wa Nunguni wakitutazama.